Walibeba Nguo, Wakala Mtama: Chakula cha Misafara ya Bara Karne ya 19

Mwalimu mmoja wa historia wa Mpwapwa ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliniuliza swali nikakwama. Livingstone, Burton, Stanley na wenzao walitembea porini miezi na miaka. Walikuwa wanakula nini? Walibeba vyakula vya makopo kutoka Ulaya, au waliishi kwa kuwinda? Nimesoma kwamba waliokwenda ncha za dunia walibeba chakula chao chote. Huku kwetu ilikuwaje?"

Mwalimu, pole kwa kukwama, na hongera kwa kuwa na wanafunzi wa namna hiyo. Makopo yalikuwepo, lakini machache. Kuwinda kulikuwepo, lakini kamwe hakukutosha kulisha msafara mzima kwa muda mrefu. Kilichowafikisha Ujiji na Buganda ni mtama, uwele, mahindi, mihogo na ndizi zilizolimwa na watu wa njiani, nao walizipata kwa kununua. Msafara wa bara haukubeba chakula. Ulibeba bei ya chakula.

Wachukulie wanafunzi wako hesabu hii, wataelewa upesi kuliko kwa maelezo yangu. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kile kile cha "haba na haba". Kibaba ni kama ratili moja na nusu, karibu gramu 680. Msafara wa watu 200 ulikula basi zaidi ya kilo 130 kwa siku. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Kwa hiyo kila jua likitua, mizigo minne mizima ya nafaka ilikuwa imeishia tumboni. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba, baada ya siku 134. Watu 200 kwa siku 134 wanahitaji zaidi ya mizigo 550 ya nafaka. Nani angeibeba? Wapagazi wengine 550, ambao nao wana matumbo. Hesabu haifungi, na kila mfanyabiashara wa Bagamoyo aliijua kabla Mzungu wa kwanza hajashuka jahazini.

Wale wa ncha za dunia walibeba kila kitu kwa sababu huko kwenye barafu hakuna kijiji wala shamba. Walikuwa na pemikani, nyama iliyokaushwa, ikasagwa na kuchanganywa na mafuta, waliyoivuta kwa sleji. Njia ya kati ya Tanganyika haikuwa hivyo. Lile lililoitwa pori katika vitabu vyao, sehemu kubwa ilikuwa nchi ya wakulima.

Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja hakujua anunue nini. Akamwendea Sheikh Hashid, mzoefu wa safari za bara, akaambiwa kwamba watu 100 wanatosheka kwa doti 10 za nguo kwa siku. Doti moja ni mikono minane, yadi nne. Stanley akazidisha kwa mwaka mzima: doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki, 650 za nguo za rangi. Zijumlishe, ni 3,650, kumi kwa kila siku ya mwaka. Huo ndio uliokuwa mpango wake wa chakula. Merikani yenyewe ilikuwa pamba iliyofumwa Massachusetts, ikavuka bahari hadi Unguja, na mwisho wake ikawa kishuka kiunoni mwa mtu aliyeuza mtama.

Nguo peke yake haikutosha. Vitu vidogo kama kuku, mayai, maziwa na mboga vilinunuliwa kwa ushanga, na hapa wageni wengi walijikwaa. Ushanga mweusi ulikuwa fedha Ugogo, kwingine haukununua kitu. Ushanga mkubwa wa umbo la yai ulipendwa Ujiji na Uguha, kwingine ulikataliwa. Ule mwekundu, samsam, ulishinda mweupe Uzigua na Ukonongo. Kwa hiyo aliyekosea kuchagua ushanga dukani Unguja aliweza kulala njaa miezi mitatu baadaye, mbele ya ghala lililojaa nafaka. Kwa maoni yangu, maarifa makubwa ya safari zile yalikuwa haya, kujua nani anapenda nini na wapi. Waliokuwa nayo ni watu kama Sidi Mubarak Bombay, mwongozaji wa misafara ya Burton na Stanley, na akina kirangozi, yaani viongozi wa njia, wa Kinyamwezi, ambao majina ya wengi wao hatunayo.

Sasa tuingie kambini. Msafara ukituama, watu hawakukaa wote pamoja. Waligawanyika katika vikundi vidogo vya chungu kimoja, mara nyingi ndugu au watu wa kijiji kimoja. Mmoja anatafuta kuni, mwingine maji, mwingine anasaga au kutwanga. Mafiga yalikuwa mawe, na pasipo mawe vilitumika vipande vya kichuguu, ambavyo moto haupasui upesi. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, nao walibeba vyungu, wakapika na kutafuta majani ya mboga njiani. Katika picha za zamani utaona bunduki mbele na mizigo katikati. Wanawake wale na vyungu vyao huonekana kwa nadra, ingawa msafara wenye wanawake ulikula vizuri zaidi kuliko usio nao.

Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa mtama au wa uwele, na kitoweo kilichopatikana: kunde, choroko, karanga zilizopondwa, majani, samaki wakavu karibu na ziwa, asali penye mzinga. Chumvi nzuri ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, na ilisafiri mbali ikiuzwa. Ukifika kijiji cha pombe, pombe ya mtama ilihesabiwa chakula, na kwa kweli ni chakula.

Neno posho lilimaanisha mgao huu. Mara nyingi mpagazi hakupewa nafaka mkononi, alipewa kipande cha nguo au ushanga wa siku kadhaa ajinunulie. Baadaye neno lilihamia kwa askari na wafanyakazi wa reli, na Uganda hadi leo posho ni ugali wenyewe. Kenya utasikia watu wakipeleka mahindi kwenye kinu cha posho. Waambie wanafunzi kwamba kila anayelitumia neno hilo Kampala anataja mgao wa mpagazi bila kujua.

Je, kibaba kilitosha? Hapa nasema kama mtu aliyepiga hesabu ya lishe. Gramu 680 za mtama zina kalori 2,200 na kidogo. Mtu anayebeba kilo 30 kwa saa tano au sita juani anahitaji zaidi ya 3,000. Kwa hiyo kibaba kilikuwa msingi tu, na pengo lilizibwa na karanga, asali, nyama ya bahati, na mwili wa mpagazi mwenyewe. Ndiyo maana mtu akikatwa posho nusu kwa wiki mbili, hata kama anatembea, anakuwa anajila. Vidonda vya miguu haviponi, na kuhara kidogo tu kunamwangusha. Nadhani vifo vingi vilivyoandikwa kuwa vya homa au tumbo vilianzia kwenye kibaba kilichopunguzwa.

Mpwapwa yenu ina sehemu kubwa katika habari hii, Mwalimu. Hapo palikuwa mahali pa kupumzika na kujaza vyakula baada ya milima ya Usagara. Stanley alipopita 1871 alifurahia maziwa mabichi, mayai, asali na nafaka za kila aina. Mbele yake palikuwa na Marenga Mkali, zaidi ya maili 30 za nchi kavu isiyo na maji ya kuaminika, ndipo ufike Ugogo. Kwa mwendo kama huo wapagazi walikuwa na mbinu yao, terekeza. Mnapika na kula asubuhi penye maji, mnajaza vibuyu, mnaondoka mchana na kutembea hadi usiku, mnalala pasipo maji, kisha mnaamka alfajiri mkiwahi kisima kinachofuata kabla jua halijawa kali. Nafaka kavu bila maji haiwi ugali, kwa hiyo kiu na njaa ni kitu kimoja njiani.

Baada ya Ugogo, kwenye hongo nyingi, yaani ushuru wa kupita uliotozwa na watemi, ilikuja Mgunda Mkali, pori la siku kadhaa kabla ya Unyanyembe, nchi ya Tabora. Hapo kila mtu alibeba nafaka yake juu ya mzigo wa tajiri. Na hapo ndipo tabia ya binadamu ilipojionyesha. Mtu aliyepewa posho ya siku nane alikula nyingi siku nne za kwanza, kwa sababu iliyo tumboni haimlemei begani. Viongozi waliita uzembe. Mimi siwezi kumlaumu mtu mwenye frasila mbili kichwani.

Wazungu wenyewe walikula nini? Sanduku la Burton lilikuwa na chai, kahawa kidogo, bizari, tangawizi, pilipili, achari, ratili 20 za sukari, ratili 20 za mboga zilizokaushwa na kugandamizwa, na chupa za brandi. Ukiangalia vizuri, hivyo ni vionjo. Hakuna kitu hapo cha kumshibisha mtu hata mwezi mmoja. Chini ya bizari ile palikuwa na kuku wa Mgogo na wali au mtama wa Mnyamwezi. Huko Kazeh, Burton alikula vizuri kwa ukarimu wa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Waarabu wa pale walikuwa wamejipandia mpunga, ngano, vitunguu, ndimu na mipapai, na baada ya miezi ya uji, mgeni aliyefika pale alikuwa kama amefika pwani.

Livingstone ndiye anayenigusa zaidi, kwa sababu safari yake ya mwisho inaonyesha kinachompata mtu bei ya chakula ikimwishia. Mwishoni mwa 1866 alipoteza mbuzi wake wanne wa maziwa. Aliandika kwamba hasara ile ilimuumiza kuliko alivyotarajia, kwani sasa alibakiwa na uji mgumu usio na ladha, uliomfanya aote vyakula vizuri usingizini. Januari 1867 likapotea sanduku la dawa. Meno yake yakavunjika na kung'oka kwa kutafuna mahindi makavu. Alipofika Ujiji 1871 alikuta shehena aliyotumiwa imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Mtu maarufu duniani, katikati ya soko lenye samaki, ndizi na mawese, alikuwa karibu kuwa ombaomba kwa sababu hakuwa na nguo wala ushanga.

Stanley alipomkuta Novemba mwaka huo, mezani vililetwa vyakula vya majirani: kababu za nyama kutoka kwa Sayd bin Majid, kuku wa mchuzi wa bizari kutoka kwa Mohammed bin Sali, nyama ya mbuzi na wali kutoka kwa Mwinyi Kheri. Halima, mpishi wa Livingstone, alikuwa akihangaika jikoni kwa furaha na wasiwasi. Livingstone aliandika kwamba badala ya milo miwili mikavu kwa siku alianza kula mara nne, na kwa wiki moja akahisi nguvu zikirudi. Katika vitabu vyetu tunakariri salamu ya Stanley, na Halima hatumtaji. Mimi ningependa jina lake liingie.

Uliuliza pia habari ya kuwinda. Nyama ilipopatikana ilikuwa sikukuu. Waungwana wa pwani walikimbilia mnyama aliyeanguka wamchinje kabla hajafa, ili nyama iwe halali. Akifa mapema, wengine walikula na wengine walilala njaa. Iliyobaki walibanika juu ya moto wakaifunga kwenye mizigo. Lakini bunduki ni mtoaji asiyetabirika, na watu 200 humaliza mnyama mmoja mkubwa haraka mno. Safari moja iliyotegemea sana bunduki ni ya wapelelezi Teleki na von Höhnel, iliyoondoka Pangani 1887 ikiongozwa na mzoefu Jumbe Kimemeta. Walifika ziwa la Turkana Machi 1888. Kwenye ufuko ule mkavu hapakuwa na shamba, wakaishi kwa tembo, faru na nyati. Wapagazi waliona nyama tupu haiwakalii tumboni, na walikuwa sahihi. Mwili unaofanya kazi nzito ukipewa nyama isiyo na mafuta, bila wanga, unadhoofu huku tumbo limejaa.

Njaa kubwa zilitokea wapi? Kila mara pale soko lilipokatika. Januari 1875 Stanley aliiacha njia ya kawaida ya Unyanyembe, akakata kaskazini kupitia pori lisilo na watu. Kulikuwa na zaidi ya watu 220. Aliwatuma wengine mbele hadi Suna wakanunue nafaka, na walipokuwa wakingojewa akalitoa sanduku lake la bati la nguo, akalijaza galoni 25 za maji, akakoroga ndani yake ratili 10 za unga wa oti na makopo manne ya unga wa dengu. Gawanyeni: ni gramu kama 30 za unga kwa kila mtu. Wengine walikuwa wamekwisha kufa porini. Makopo ya Ulaya yaliyoulizwa na wanafunzi wako ndiyo hayo, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambayo nimewahi kuyasoma yakifanya.

Msafara wa Stanley wa kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, 1887 hadi 1889, una somo chungu zaidi. Ulichukua zaidi ya Wazanzibari 600, ukazunguka kwa meli hadi mlango wa Kongo. Kundi moja liliachwa Yambuya, na humo zaidi ya nusu walipotea, wengi wakiwa wamekufa, huku shamba la mihogo likiwa mbele yao. Ilikuwa mihogo michungu. Mtu wa Unguja amezoea muhogo mtamu, anaumenya, anauchemsha au kuuchoma, basi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na watu wa Kongo huuloweka majini siku tatu au nne hadi ulainike, kisha huukausha au kuufunga kwenye majani na kuupika. Waliokuwa na njaa hawakungoja siku nne. Na maofisa wao Wazungu, waliokuwa na chakula chao tofauti, hawakulitambua tatizo wala kulitafutia dawa mapema. Wanakijiji wa jirani wangewafundisha, lakini kambi ile ilikuwa imewafukuza na kulitwaa shamba. Nikiisoma habari hiyo huwa nasimama hapo kwa muda.

Kundi la mbele likaingia msitu wa Ituri. Vijiji vya kando ya mto vilikuwa vimeteketezwa na wawindaji wa pembe za ndovu waliowatangulia, na mashamba ya migomba yamemezwa na nyasi. Watu walikula uyoga, mchwa, konokono, viwavi, na fenesi za mwitu. Walioshindwa kutembea waliachwa kwenye kambi ya njaa Oktoba 1887, na walio wengi hawakutoka. Wakati huo huo Wambuti, wenyeji wa msitu, waliishi humo humo wakila viazi vikuu vya mwitu, asali, karanga za miti na nyama waliyoinasa kwa nyavu. Msitu haukuwa mtupu. Waliokuwa na njaa hawakuwa na wa kuwaonyesha.

Nikupe na hati moja ya kuwasomea darasani. Tarehe 4 Agosti 1877, baada ya kushuka mto Kongo wote, Stanley alikuwa siku chache tu kutoka mji wa Boma, karibu na mlango wa mto huo, na watu 115 wanaokufa njaa. Aliandika barua kwa bwana yeyote ajuaye Kiingereza, akaeleza kwamba wenyeji wanazicheka nguo zake na ushanga wake, na kwamba chakula kinauzwa siku za gulio tu, ambazo watu wake hawawezi kuzingoja. Aliomba mchele au nafaka ya kuwajaza matumbo mara moja. Uledi, Kacheche na Robert Feruzi walikuwa miongoni mwa walioipeleka, wakiwa na njaa wenyewe. Siku mbili baadaye mchele, samaki na tumbaku vilifika, na kambi ikaimba. Kule pwani ya magharibi bidhaa za Ulaya zilikuwa nyingi, kwa hiyo merikani iliyofungua milango Ugogo haikuwa na thamani. Fedha yao ilikuwa imekufa kabla yao.

Kama una kipindi cha saa moja, fanya hivi. Lete unga wa mtama, upimeni gramu 680, uwekeni juu ya meza. Pikeni ugali wake, uone ni sahani ngapi. Kisha mwanafunzi mwenye nguvu abebe ndoo ya maji ya lita 20 na debe la mchanga wa kilo 12, ni frasila mbili hizo, auzunguke uwanja wa shule mara kumi, halafu muulize kama ugali ule unamtosha hadi kesho saa kama hiyo. Na kama wana mabibi na mababu Mvumi au Kibakwe, wawaulize ni majani gani yalipikwa mboga miaka ya ukame. Orodha watakayorudi nayo itafanana sana na ile ya wake wa Kinyamwezi waliopita hapo na vyungu vyao. Nitafurahi ukinitumia.